Usiku wa Tatu

Waombolezaji wamepanda kutoka bondeni, vilemba vyeusi,
wamesimama chini ya mnara wetu wa mawe
wanamlilia Drandja kwa sauti moja:

*Walikuja kwa utatu, kitandani pake mwana,*
*wakasema: huyu katu, hatazeeka na bwana.*
*Maji yalinena, watu, ni nani wa kuyakana?*
*Kalamu si mali yetu, iliyoandika jana.*

Ndivyo waaminivyo huku milimani:
mtoto akizaliwa, usiku wa tatu
Wanawake Watatu huingia bila kubisha hodi,
wa kwanza hutamka, wa pili hupunguza, wa tatu hufunga.
Mama mkwe aliwaandalia meza enzi hizo,
mikate mitatu, asali, kikombe cha maziwa.
Asubuhi, wanasema, asali ilikuwa na alama ya kidole.
Nyumba hii haijawahi kukosa paka,
lakini hakuna aliyemtaja paka.

Wataendelea, nawajua, ubeti kwa ubeti:

*Upepo ukashuka tu, ukakichukua kile* —

Hapo nawakatiza.

Kitambaa.
Kikining'inia dirishani, Pashko yuko nyumbani, Ndue asije.
Kisipoonekana, njia nyeupe.
Siri hiyo niliwashonea mimi, Mrika, mke wa Pashko,
kwa kitambaa changu cha kuchujia jibini.
Upepo ulikiangusha alasiri. Kweli.
Nilikiona kimelala juu ya kuni.
Nilikuwa na unga hadi kwenye viwiko,
na Drandja alikuwa amenijibu vibaya asubuhi ile
kwa ajili ya shali yake niliyoiunguza mekoni.
Nikasema moyoni: mkate kwanza.
Mkate wa mahindi huiva kwa muda gani?
Nimeupima mara nyingi tangu siku ile.
Ni muda wa kijana kupanda kutoka kwenye kinu cha maji
asipokimbia.

Sheria ya huku: adui akikanyaga kizingiti chako ni mgeni,
unampa mkate, chumvi na moyo wako,
risasi inarudi kulala.
Ndue alibakiza hatua moja. Mguu wa kulia ulikuwa hewani.
Pashko hakuwa amelewa. Aliuangalia ule mguu.
Damu ya babu, mfereji walioupigania kabla sijazaliwa,
vyote vilikuwa mgongoni pake vikimsukuma, sikatai.
Lakini vidole vile navijua.
Vimewahi kuchomoa mwiba kwenye kwato ya mwanakondoo
na mwanakondoo asilie.
Vilijua kungoja.

Na sasa mnasema mto ulimwita Drandja.
Mto Shala, mwezi wa Machi, theluji ikiyeyuka,
unamwita kila mtu.
Viatu vyake nilivikuta juu ya jiwe,
vimepangwa sambamba, kamba zimefunguliwa, hazikukatika,
soksi ndani.
Anayeburutwa havui soksi.
Sisemi haya ili nimhukumu. Nasema
kwa kuwa mnamnyang'anya hata hilo,
jambo la mwisho alilolifanya kwa mikono yake.

Sijui. Huenda kalamu ipo.
Huenda ilishaandika hata unga wa viwiko vyangu,
na shali, na ulimi wa asubuhi.
Lakini kati ya kitambaa na dirisha
palikuwa na urefu wa mkono mmoja,
na mkono ulikuwa wangu.

Binti yangu ana siku tatu leo.
Mama mkwe ametoa asali kabatini.
Nimemwacha atandike meza; ni mzee,
na kuna mambo hayabishaniwi na mtu aliyezika.
Alipolala nimempa paka maziwa,
nimekula mkate mmoja, wa katikati,
nimevuta kigoda hadi mlangoni,
mtoto begani, taa inawaka.

Waje.
Wakinena, nitawajibu.